Chakula cha Mbwa Nakuru na Kisumu: Cha Gunia, cha Kupikwa au Nyama Mbichi?

Anayefuga mbwa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma siku hizi ana mengi ya kuchagua. Katika agroveti kuna magunia ya chakula kikavu cha punje, yale yaliyofungwa kiwandani na yale yanayofunguliwa ili kuuzwa kwa kupimiwa. Sokoni kuna omena na mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Katika bucha kuna mapafu na matumbo. Na kwenye simu kuna watu wengi wanaosisitiza kwamba mbwa anapaswa kula nyama mbichi tu. Rai hiyo ya nyama mbichi ilipata nguvu katika miaka ya 1990, hasa kupitia daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, aliyehimiza mifupa na nyama isiyopikwa badala ya chakula cha kiwandani. Wengi waliomfuata huko ng'ambo hununua nyama iliyokaguliwa kwa ajili ya binadamu na kuihifadhi kwenye friza isiyozimika. Hapa kwetu nyama anayopewa mbwa kwa kawaida ni ile ambayo watu hawataki kuila, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nipange chaguo hizi kama nilivyozipanga.

Nimetumia vigezo vitatu: kama chakula kinamtosheleza mbwa kwa virutubisho vyote, kama ni salama kwa mbwa na kwa watu wa nyumba hiyo, na kinagharimu kiasi gani kwa siku. Bei ya gunia zima haisemi mengi. Mbwa mzima aliyehasiwa, mwenye uzito wa kilo 20, anahitaji takriban kilokalori 1,050 kwa siku. Chakula kikavu cha kawaida hutoa karibu kilokalori 350 kwa kila gramu 100, kwa hiyo gramu 300 zinamtosha, na gunia la kilo 15 humfikisha siku 50. Watetezi wa nyama mbichi hupendekeza asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa kila siku, yaani gramu 400 hadi 600 kwa mbwa huyo huyo, sawa na kilo 12 hadi 18 kwa mwezi. Gawanya bei ya gunia kwa 50, kisha ulinganishe na bei ya nusu kilo ya nyama katika bucha unayoijua, na hapo ndipo utajua kipi ni ghali.

Nafasi ya kwanza: chakula kikavu kilichofungwa kiwandani

Kwa familia nyingi ninazozifahamu hili ndilo chaguo ninalolipendekeza bila kusita, mradi gunia linunuliwe likiwa limefungwa. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kutazama picha ya mbele. Tafuta maelezo yanayosema kwamba chakula ni kamili na kwamba kimekusudiwa mbwa wa umri gani. Viwango vya AAFCO, shirika la Marekani ambalo vipimo vyake hutajwa kwenye magunia mengi, vinataka angalau asilimia 18 ya protini kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba, vikipimwa bila kuhesabu maji. Gunia ambalo halitaji kiasi cha protini, tarehe ya mwisho ya matumizi na nambari ya bechi liache dukani. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nambari ya kibali iliyo kwenye alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kupitia 20023.

Usiogope nafaka. Wako wanaodai kwamba mbwa hawezi kusaga wanga kwa kuwa asili yake ni mbwamwitu, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala kati ya 4 na 30 za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, ilhali mbwamwitu ana 2 tu. Ameishi na binadamu na kula mabaki yake kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umezoea. Kulipa zaidi kwa sababu gunia limeandikwa kwamba halina nafaka ni kupoteza fedha; tena, mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza kama vyakula vya aina hiyo vinahusiana na ugonjwa wa moyo kwa mbwa.

Je, ununue cha bei ya juu kama Royal Canin au cha bei nafuu kama Pedigree? Kwa mbwa mzima mwenye afya, asiye na mzio wala ugonjwa wa figo, sioni haja ya kujinyima ili ununue cha juu kabisa. Fedha ya ziada itumie kwa mtoto wa mbwa mkubwa, kwa mfano German Shepherd, ambaye hufugwa sana kwa ulinzi mjini Nakuru. Mifupa yake inakua haraka, na kalsiamu ikizidi inamdhuru sawa na ikipungua. Huyo anahitaji gunia lililotengenezwa kwa watoto wa mbwa wakubwa, na wala usimwongezee unga wa mifupa juu yake.

Chakula cha kupimiwa kwa kilo ndicho ninachokikataa. Najua kwamba ndicho kinachowezekana kwa mtu asiyeweza kutoa bei ya gunia zima kwa mkupuo mmoja, lakini gunia lililokaa wazi dukani mafuta yake huchacha, mende na panya hulitembelea, na mnunuzi hana njia ya kujua tarehe wala bechi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ukungu. Nchi hii inaijua aflatoksini kwa uchungu: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Mbwa huathirika na sumu hiyo upesi, nayo huliharibu ini lake. Ikiwa huwezi kununua gunia kubwa, nunua pakiti ndogo iliyofungwa, au ushirikiane na jirani mfungue gunia moja na kuligawana siku hiyo hiyo. Nyumbani kiache chakula ndani ya mfuko wake, uuweke mfuko kwenye debe lenye kifuniko, na ukimalize katika muda wa wiki sita hivi. Nakuru, iliyo juu na yenye ubaridi, inasamehe kidogo. Kisumu, kwa joto na unyevu wa ziwa, haisamehe.

Nafasi ya pili: nusu kikavu, nusu cha kupikwa

Nyumba nyingi haziwezi kumlisha mbwa chakula cha gunia peke yake mwezi mzima, na sioni sababu ya kumlaumu mtu kwa hilo. Nusu ya mlo ikiwa chakula kikavu kilicho kamili, na nusu nyingine ikiwa wali au ugali uliochanganywa na omena, mayai au nyama iliyochemshwa, mbwa mzima yuko mbali sana na hali ya yule anayepewa ugali mtupu. Kwa mtoto wa mbwa sikubali mchanganyiko huu mpaka amalize kukua.

Nafasi ya tatu: chakula kilichopikwa nyumbani

Chakula cha nyumbani kinaweza kuwa kizuri kwelikweli, ila kinataka bidii kuliko watu wanavyodhani. Mahindi yana protini chache, tena yenye upungufu wa virutubisho ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo ugali haujengi misuli ya mbwa hata sahani ikijaa. Nyama isiyo na mfupa nayo ina fosforasi nyingi na karibu haina kalsiamu, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu au ugali mtupu mifupa yake hulegea na miguu kupinda. Madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochunguza mapishi 200 ya mbwa mwaka 2013, asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja cha lazima.

Anayechagua njia hii na aifanye sawasawa. Omena ni nzuri kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yake, lakini ile iliyoanikwa mchangani ioshwe mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Mgongo wazi uchemshwe na nyama yake inyofolewe, kisha mifupa itupwe mahali ambapo mbwa hafiki. Ikiwa mlo hauna omena, mbwa wa kilo 20 anaweza kuongezewa karibu nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini, ambayo hutoa takriban gramu moja ya kalsiamu. Mboga iliyokaangwa kwa vitunguu asipewe kamwe, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na ndiyo maana mabaki ya sukuma wiki ya jioni si zawadi kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika kwa ncha kali. Kabla ya kuzoea mlo mmoja, mwonyeshe daktari wa mifugo kile unachopika, maana zinki, shaba, iodini na vitamini D na E ndivyo vinavyosahaulika.

Nafasi ya nne naipa unga wa mbwa unaouzwa na viwanda vya chakula cha mifugo, ule unaokorogwa kama ugali. Unafaa kuchanganywa na protini, mradi mfuko uwe mkavu, usionuke uvundo, na uwe na maelezo ya virutubisho.

Nafasi ya mwisho: nyama mbichi

Watetezi wa nyama mbichi hawasemi uongo wanapodai kwamba mbwa huipenda, kwamba kinyesi hupungua, na kwamba manyoya hung'aa kwa ajili ya mafuta yake. Gharama ya sifa hizo ndiyo inayonihangaisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani, 15 zilikuwa na Salmonela na 32 zilikuwa na Listeria, na hivyo vilikuwa vyakula vilivyotengenezwa kwa kuuzwa dukani. Kugandisha hakuui bakteria wote, na stima ikipotea usiku kucha kila kilichokuwa kwenye friza huanza upya safari ya kuharibika.

Kwa mapafu, maini na bandama za machinjioni hatari ni kubwa zaidi. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wetu hubeba vifuko vya maji vya mnyoo aina ya tegu uitwao Echinococcus. Mbwa akivila vikiwa vibichi, minyoo hukomaa utumboni mwake na kutoa mayai katika kinyesi. Mtoto anayecheza uani au kumpapasa mbwa huyo akiyameza, vifuko hukua katika ini au mapafu yake kwa miaka kabla havijagunduliwa, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Nyuzilandi ilipambana na ugonjwa huu kwa kuzuia mbwa wasilishwe viungo vibichi vya ndani: viungo hivyo ni lazima vichemshwe kwa angalau dakika 30 au vigandishwe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi kwa siku 10.

Kwa hiyo sufuria na dakika 30 za moto zinatosha kuligeuza tatizo hili kuwa chakula cha nafasi ya tatu. Nyama iliyokataliwa na mkaguzi usiinunue kwa bei yoyote, hata kwa nia ya kuichemsha. Mbwa ambaye tayari amekuwa akila viungo vibichi apelekwe kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo yenye prazikuanteli, kisha ahamishwe polepole kwenye chakula kipya kwa siku 7 hadi 10, akianza na robo ya kipya na robo tatu ya kile alichokizoea, ambacho sasa kimechemshwa.