Debian kwenye depo ya mama: programu ya DOS bado inatembea

Nawapa uzoefu wangu wa miezi minne hivi. Mama ana depo ya dawa hapa Bukavu, Kadutu, na stoki yote pamoja na madeni ya wateja iko kwenye programu moja ya DOS (sistemu ya kompyuta ya kabla ya Windows), ile ya skrini ya bluu na herufi za njano. Mashini ya zamani iliungua siku umeme umerudi kwa nguvu, diski tu ndo ikapona. Fundi mmoja akasema tuandike kila kitu upya, mama akaniangalia: "Papa, madeni ya watu iko mule ndani, usinipotezee."

Shida yenyewe iko hivi. Windows ya biti 32, hata Windows 10, ilikuwa bado na NTVDM, kipande kinachoendesha programu za zamani za biti 16 kama hii yetu ya DOS. Kwenye biti 64 hakipo kabisa, sababu prosesa ikiingia modi hiyo ya biti 64 inapoteza ile njia ya kujifanya 8086, prosesa ya zamani ya enzi za DOS, na Windows 11 haina toleo la biti 32.

Basi nikaweka Debian 12, sistemu ya bure ya Linux badala ya Windows, kwenye laptop ya mtumba, RAM giga 2. Hapo ndo nilipoipenda: wakati wa kuinstoo unachagua vipande mwenyewe, upande wa sura ya skrini nikatoa GNOME iliyo nzito nikabakiza Xfce iliyo nyepesi, na DOS nikaileta kama kipande cha pembeni tu, DOSBox-X, inaigiza prosesa nzima ya zamani kwa hiyo haijali yako ni biti ngapi, na ukiifunga sistemu haina habari. Mimi naheshimu sana anayetunza vya zamani, kazi ya watu iko humo, ila naona bora vikae chumba chao kuliko sistemu nzima kuvibeba mgongoni.

Nilianza na DOSBox ya kawaida, lakini ile ni ya magemu, kuprinti haina, na depo bila fakitire (ankara ya mteja) si depo. Halafu kibodi zetu ni AZERTY, zile za mpangilio wa Kifaransa, mama akabonyeza A ikatoka Q, akashtuka! Andika keyboardlayout=fr kwenye faili ya konfigi, inaisha. Baada ya hapo vidole vyake vikaenda vyenyewe, F3, majina ya wenye madeni yakashuka moja moja, yote.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu fakitire inatoka kwanza kama faili, ndo naituma kwenye printa ya USB, na mteja anangoja amesimama.