TAHADHARI: Wanaoandikisha "fidia ya mafuriko" kwa shilingi 15,000 ni matapeli

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, hasa ninyi mnaoishi na kulima kandokando ya mito ya Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi, naandika kuwatahadharisha kuhusu watu wanaopita vijijini kuandikisha waathirika wa mafuriko kwa ajili ya kile wanachokiita fidia ya Serikali. Watu hao hawakutumwa na ofisi yoyote. Wanatoza shilingi 15,000 kwa kila kaya, na pamoja na fedha hizo wanaondoka na kitu kingine ambacho mwenyewe hutambua amekipoteza baadaye sana.

Mama yangu mkubwa anaishi katika kijiji kimoja wilayani Kilwa. Mafuriko ya Januari 2020 yaliiangusha nyumba yake, na Mei 2024, kilipopita Kimbunga Hidaya na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika pale Somanga, shamba lake la ufuta lililala lote kwenye maji. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mlangoni kwake kwamba jina lake limo katika orodha ya wanaostahili kulipwa, haoni ajabu yoyote, kwa sababu hasara anaijua na kusubiri amesubiri.

Walikuja wawili, mwanamume wa makamo na binti, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Walimwamkia kwa adabu, wakakaa mkekani, wakamweleza kwamba majina yaliyoandikwa mwanzo yalipotea, hivyo wanaandikisha upya, na kwamba shilingi 15,000 ni ada ya fomu na ya kufanyia tathmini nyumba. Alipotoa fedha wakamwomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, kisha binti akatoa kimashine kidogo cha alama za vidole. "Haijasoma, mama, weka tena." Aliweka kidole mara nne, akijilaumu kwamba vidole vyake vimechakaa kwa jembe.

Nilipofika wiki iliyofuata alinionyesha fomu, ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki. Nembo ya Taifa ilikuwa imefifia, na chini yake, mahali panapotakiwa kusomeka "Uhuru na Umoja", palikuwa pameandikwa "Umoja na Uhuru". Juu kabisa paliandikwa "Wizara ya Maafa na Fidia". Hakuna wizara ya jina hilo. Shughuli za maafa nchini zinaratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa. Risiti ilikatwa kwenye kitabu cha kawaida cha dukani, ikagongwa muhuri wa zambarau wenye neno moja tu, IMELIPWA.

Nilichukua simu yake nikabonyeza *106#, ambayo humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Mama mkubwa ana laini moja. Zilionekana nne. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kidole kilikataa kusoma mara nyingi vile: kila alipokibonyeza upya, laini nyingine ilikuwa inasajiliwa kwa jina lake. Laini za namna hiyo ndizo zinazotumika kutumia watu ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia, jina wanalolikuta ni la mama mkulima wa Kilwa asiyejua lolote. Ilitubidi tusafiri hadi mjini kwenye maduka ya kampuni za simu ili laini hizo zifutwe, na nauli ya siku hiyo ilizidi ile ada aliyotapeliwa.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu, na ambalo matapeli hawa wanalitegemea, ni tofauti kati ya msaada na fidia. Serikali imekuwa ikieleza mara kwa mara kwamba yanapotokea maafa ya asili haiwalipi wananchi fidia ya nyumba na mazao yao, bali hutoa misaada ya kibinadamu: unga, maharage, magodoro, mablanketi, vyandarua, na mahali pa kujihifadhi kwa muda. Fidia tunayoizoea ni ile ya ardhi inapotwaliwa kwa mradi. Kwa hiyo mtu akikutamkia tu maneno "fidia ya mafuriko", shaka ianzie hapo hapo.

Uandikishaji wa kweli nao una njia yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Kaya zilizoathirika zinaorodheshwa hapo kijijini kwa mwenyekiti na mtendaji, watu wanaojua nani kalala nje na nani hakuguswa, na orodha inapelekwa wilayani. Kuandikwa humo hakulipiwi. Malipo halali ambayo mwananchi anailipa Serikali hupitia kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo, hayatolewi mkononi wala hayatumwi kwenye simu ya mtu. Nilimuuliza mtendaji wa kijiji kile, naye akasema hakupata barua wala taarifa yoyote kuhusu wageni hao. Waliingia siku ambayo yeye alikuwa kwenye kikao cha kata, na siamini kama hilo lilitokea kwa bahati.

Mvua za kwetu Kusini huanza Novemba na kwisha Aprili, na kila mto unapofurika watu hawa wanapata mahali pengine pa kwenda. Wakifika kwenu, msiwape namba ya NIDA wala kidole, muwaombe wafuatane nanyi hadi kwa mtendaji. Waliokwisha kuweka kidole wabonyeze *106# leo hii, wasingoje. Namba ya simu iliyotumika kuwalaghai ipelekwe 15040 kwa ujumbe mfupi, na kama anayedai fedha ili akuandike ni mtumishi kweli, basi hiyo ni rushwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113 bila malipo.

Mwanamume yule ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, na walikuwa na pikipiki nyekundu isiyo na namba ya nyuma. Mara ya mwisho walionekana wakielekea upande wa Nangurukuru. Fomu ya mama mkubwa na risiti yake tumezikabidhi polisi. Yeyote mwenye risiti yenye muhuri huo wa zambarau asiitupe, aipeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye.