Maida ya kununua: ipi kwa pishi gani

Mapishi mengi ya Kihindi huanza na neno moja: maida. Ni unga wa ngano uliotolewa pumba na kile kiini kidogo kinachochipua, ukabaki moyo mweupe wa punje peke yake, ukasagwa na kuchekechwa hadi ukawa laini kama poda. Usiuchanganye na atta, unga wa chapati za kila siku za India, ambao husagwa na pumba zake. Maida ndiyo ya naan, batura (mikate ya kukaangwa inayovimba), luchi za Bengal (vimkate vyembamba vya kukaangwa), parotta za Kerala (chapati za tabaka), jalebi (vitamu vya kukaangwa na kuloweshwa shira), nankhatai (biskuti za samli) na manda za sambusa.

Nafasi ya kwanza naupa unga mweupe wa kawaida, ule wetu wa chapati na maandazi, wa pakiti. Ndiyo, nauweka juu ya maida yenyewe. Duka la mtaani huuza haraka, kwa hiyo unaupata ungali mpya, na bei yake haina gharama ya meli. Geuza pakiti usome protini: gramu 9 hadi 11 kwa kila gramu 100 zinatosha naan, batura na sambusa. Mara nyingi unga huu hunywa maji zaidi kuliko maida, hivyo ongeza kijiko kwa kijiko. Ukishakanda, ufunike nusu saa nzima. Usipoupumzisha, utasukuma duara nao utarudi nyuma, utasukuma tena nao utarudi.

Ya pili ni maida ya pakiti kutoka duka la vyakula vya Kihindi. Ilipe pesa yake kwa nankhatai, ambayo lazima ivunjike laini mdomoni, na kwa jalebi, maana uji wake unapita kwenye tundu dogo na hautaki madonge. Tafuta alama ya FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula ya India, kisha tarehe ya kufungashwa. India ilipiga marufuku potasiamu bromati, kemikali ya kuimarisha unga, mwaka 2016. Ukiikuta kwenye orodha ya viambato vya unga wowote, rudisha pakiti rafuni. Weupe wa chaki nao usikuvutie: unga mzuri ambao haukupaushwa una rangi ya maziwa mazito.

Unga wa mikate, wenye protini 12 na zaidi, unakuja wa tatu. Kwa parotta inayovutwa mpaka unaona meza chini yake, ni mzuri sana. Kwa nankhatai utajutia. Kama ndio pekee ulio nao, katika kila kikombe toa vijiko viwili vya chakula, uweke kornflawa badala yake.

Unga wa kupima kutoka guniani ununue pale tu unapomwamini muuza duka. Unuse, ukiwa na harufu ya uvundo, au ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ondoka.

Wa mwisho kabisa ni ule uliokwisha kutiwa beking pauda. Niliuchukua Ramadhani moja bila kusoma pakiti. Manda zilivimba malengelenge ndani ya mafuta, zikapasuka, na nyama yote ikabaki kwenye karai. Zilikuwa sambusa za futari ya wageni.

Anza na kilo moja, uhamishie kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana.