Polishi ya sakafu ya lamineti: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Sakafu ya lamineti ikipoteza mng'ao, mara nyingi kilichoiziba ni utando wa sabuni uliokauka juu yake deki baada ya deki. Ndiyo maana orodha hii inaanza na vifaa vya kuondoa uchafu, na polishi yenyewe inakuja ya tatu. Ukinunua kwa kufuata mpangilio huu, huenda usifike hata huko.

Kwanza hakikisha ulichonacho ni lamineti kweli. Fungua kile kipande cha chuma au plastiki kilicho mlangoni utazame ubao pale ulipokatwa. Kiini cha kahawia cha nyuzi za mbao zilizoshindiliwa ni cha lamineti. Kiini cha kijivu kinachofanana na plastiki ni cha vinili. Na ikiwa nyumba ni ya zamani, tuseme Parklands au Lavington za Nairobi, na sakafu imepangwa kwa vipande vidogo vya mbao nzima, basi huenda hiyo ni mbao ya muhugu. Muhugu hukubali msasa na nta. Lamineti haikubali hata kimoja. Mistari ya mbao unayoiona ni picha iliyochapishwa kwenye karatasi, na juu yake pana utando mwembamba wa melamini (plastiki ngumu) yenye oksidi ya alumini. Nta haina pa kuingia. Msasa nao ukipita unaila picha, na picha ikishaliwa hairudi.

Nambari 1: mopu bapa ya maikrofaiba, na vitambaa vyake vinne

Hapa ndipo pa kutumia pesa bila kusita. Chagua mopu yenye kichwa bapa cha upana wa sentimita 40 hivi, na kitambaa kinachobanduka ili kifuliwe. Nunua vitambaa vinne, kwa sababu kimoja kikishachafuka kinarudisha sakafuni kile kile ulichokiondoa. Vifue bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huzipaka nyuzi mafuta, na matokeo yake ni michirizi ambayo watu hudhani ni kosa la sakafu. Mopu ya nyuzi ndefu inayochovywa ndooni iache dukani, kwani hubeba maji mengi mno.

Kamua kitambaa hadi sakafu ikauke yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Ikichukua zaidi, maji yanazama kwenye maungio, na kiini kikishanyonya maji kinavimba moja kwa moja. Fagia kwanza, au pitisha mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu chembe za mchanga ndizo zinazokwaruza. Vumbi la Januari na Februari Nairobi halina huruma, kwa hiyo mkeka mzuri mlangoni una faida kuliko chupa ya polishi.

Siku nyingi maji ya uvuguvugu pekee yanatosha. Penye mafuta ya jikoni, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo katika lita 4 za maji, kisha rudia kwa maji matupu. Sabuni ya kupima inayouzwa kwa mitungi mtaani haifai hapa. Nyingi hutengenezwa kwa ungarol, malighafi nzito inayotoa povu, hukolezwa kwa chumvi na kutiwa rangi, na vyote hivyo hubaki juu maji yakikauka. Maji ya kisima yenye chumvi pia huacha alama nyeupe. Kama ndiyo yanayotoka bombani kwenu, tumia ya mvua au ya kunywa kwa ule mpito wa mwisho.

Utando wa zamani huondoka kwa siki nyeupe, mililita 60 kwa lita moja ya maji, ikifuatwa na kitambaa cha maji matupu. Ifanye mara moja tu, na usiigeuze kuwa desturi ya kila wiki. Jaribu kwanza nyuma ya sofa. Ukiona sehemu hiyo imeng'aa kuliko kwingine, tatizo lilikuwa utando, na huna haja ya kununua polishi.

Nambari 2: dawa ya kunyunyizia ya lamineti

Hii inamfaa asiyetaka kupima vijiko, au mwenye msaidizi wa nyumbani aliyezoea deki ya ndoo, kwa kuwa inafuta kosa la maji mengi. Tafuta lebo inayotaja lamineti, yenye pH ya kati (si asidi wala magadi) na isiyo na nta. Nyunyizia kitambaa, usinyunyizie sakafu. Ikiwa imetengenezwa hapa nchini, iwe na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023 uithibitishe kabla ya kulipa.

Nambari 3: polishi ya akriliki

Polishi ya lamineti ni plastiki ya maji inayokauka juu ya sakafu na kuwa ngozi nyembamba. Inajaza mikwaruzo midogo isionekane, lakini haitengenezi kilichochakaa. Inunue tu ikiwa sakafu imeshasafishwa kama ilivyoelezwa juu na bado imefifia pale watu wanapopita. Soma dhamana kwanza: watengenezaji wengi wa lamineti hukataza polishi waziwazi.

Dukani angalia mambo matatu. Neno lamineti liwe kwenye chupa. Bona ya Sweden, kwa mfano, ina polishi ya mbao na nyingine ya mawe, vigae na lamineti, na ni rahisi kuchukua isiyo yako. Pili, chagua mng'ao hafifu. Lamineti nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mng'ao wa kadiri, na polishi inayong'aa kama kioo itaanika kila unyayo. Tatu, uliza kama kampuni hiyo hiyo inauza dawa ya kuiondoa. Kama haiuzi, usinunue, maana siku moja utahitaji kuivua.

Pima bei kwa mita ya mraba badala ya chupa. Lita moja hupaka kama mita 40 za mraba mkono mmoja, yaani safu moja. Sebule ya mita 5 kwa 4 ikipakwa mikono miwili itaimaliza lita hiyo.

Anzia kona ya mbali ukielekea mlangoni, ukifuata mistari ya mbao. Paka safu nyembamba, na usirudi nyuma pale palipoanza kukauka, kwani hapo ndipo michirizi inapozaliwa. Subiri saa moja au zaidi, kama lebo inavyosema, ndipo upake mkono wa pili. Samani zirudi baada ya saa 24. Funga madirisha yanayotazama barabara wakati inakauka. Jioni za mvua za Aprili zikwepe, kwa sababu unyevu huiacha ikinata na kuvuta vumbi.

Ikigeuka nyeupe kama ukungu, ilipakwa juu ya unyevu. Ikibanduka kama ngozi karibu na jiko, chini yake palikuwa na mafuta au nta ya zamani. Ikiwa na mchanga, sakafu haikufagiwa. Dawa yake haiwezi kuwa mkono wa tatu. Vua yote uanze upya. Viondoa polishi vingi vina amonia, kwa hiyo fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na Jik, dawa ya klorini ya kuondoa madoa: mvuke unaotoka hapo ni sumu kwa mapafu.

Nambari 4: nta ngumu ya kujazia

Kwa shimo au mkwaruzo mrefu, pakiti ya vipande vya nta vya rangi mbalimbali inashinda polishi yoyote. Changanya rangi mbili, jaza, kwangua usawa kwa kipande cha plastiki. Kazi ni ya dakika kumi.

Usinunue

Nta ya kopo ya sakafu za saruji hubaki juu ikinata na kuteleza. Dawa ya kung'arisha samani yenye silikoni huigeuza sakafu kuwa hatari kwa mzee na mtoto. Mopu ya mvuke husukuma unyevu wa moto ndani ya maungio. Waya wa kusugulia sufuria na unga wa kusugulia huukwaruza ule utando wa juu, na hapo ndipo mng'ao unapotea kwa kweli.

Ubao uliokwisha kuvimba kingo hauna dawa ya chupa. Unabadilishwa. Kama bado unajua duka lililokuuzia, chukua boksi moja la akiba la rangi hiyo hiyo kabla halijaacha kuingizwa nchini.