Kulinganisha asilimia mbili: utoe au ugawanye?

Hii ligi haiishi, ukiwa na asilimia mbili za kulinganisha unatoa moja kwa nyingine au unagawanya? Cheki ya Uingereza, Oktoba 1995: kamati ya usalama wa dawa ilitangaza kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu (aina mpya za wakati huo) vinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili, watu wakapaniki, wengi wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda. Namba zenyewe sasa: kutoka kama mtu 1 kwa 7,000 hadi watu 2 kwa 7,000. Ukigawanya unapata 2, inatisha balaa. Ukitoa ni mtu 1 zaidi kwa kila 7,000, basi.

Kwa kueleweka haraka kutoa kunashinda, sibishani. Ila kama unasaka chanzo cha ugonjwa adimu gawanya tu, maana hiyo mara mbili ni dalili nzito na kutoa kungeifukia kabisa, japo asilimia ya chini ikiwa sifuri umekwama.

Kwenye kura, asilimia 48 dhidi ya 51, nani anagawanya jamani? Toa, pointi 3. Unayeamua umeze dawa au usimeze, toa pia. Unayeandika habari weka zote mbili, usituchezee.