TAHADHARI: Msinunue "kadi ya kuingilia" gemu senta (kumbi za mashine za michezo) za Akihabara, Tokyo, wala medali za mtaani

Jamani, siku tatu nimesita kuandika haya kwa aibu. Leo naandika kwa sababu nimesikia kuna dada mwingine anakuja Tokyo mwezi ujao, na ameshapewa namba ya mtu huyu huyu aliyenitapeli, Mswahili mwenzetu.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, nje ya stesheni ya Akihabara, upande wa Electric Town, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme. Nilimkuta mtu huyo ananingoja kama tulivyoahidiana. Shati limepigwa pasi, beji shingoni. "Shikamoo dada, pole na safari." Kiswahili kimenyooka, akaniuliza kama natoka Tanga maana anaisikia lafudhi. Akanipokea mkoba, akaninunulia kopo la kahawa ya moto kwenye mashine ya pembeni. Wiki mbili nzima sijaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana! Ningemkataaje?

Akasema mgeni haingii gemu senta bila kadi, yeni 4,000. Halafu mashine hazili hela, zinakula medali tu, yaani visarafu vya kuchezea, mfuko mmoja yeni 8,000, na zikibaki unazirudisha kaunta unapewa pesa yako. Akanimiminia chache kiganjani, za rangi ya fedha, zimechorwa nyota. Nikaamini, kwa sababu hata treni za huku napanda kwa kadi. Na mwanangu mnajua alivyonisumbua nimpatie yule mdoli wa Pikachu. Nikatoa yeni 12,000 taslimu, karibu laki mbili za kwetu. Yeye akasema atanisubiri nje.

Mlangoni hakuna aliyeniuliza kadi. Watu wanaingia na kutoka kama sokoni. Nikaenda kwenye mashine ile ya mkono wa chuma unaoshuka kunyakua midoli, nikatia medali. Ikaanguka chini, kwenye kikombe cha kurudishia. Nikatia nyingine. Ikarudi. Nyuma yangu kijana wa sare ya shule ameshika sarafu yake ya yeni 100, ananingoja kwa adabu. Akaja binti mfanyakazi, akaiona medali mkononi mwangu, akapishanisha mikono yake kifuani, alama ya hapana. Akaongea na simu yake, simu ikatamka kwa Kiingereza: hizi si zetu, na kuingia ni bure. Akanishusha ghorofa ya michezo ya medali, akanionyesha za kwao, zina alama nyingine kabisa. Tena hata hizo hazitoki nje ya jengo, wala hazibadilishwi kuwa pesa, sheria ya Japani inakataza. Alivyouangalia ule mfuko nilihisi ananiona mwizi. Mimi! Mama mzima!

Nimetoka nje, hayupo. Napiga, ameshanizuia.

Mtu huyu asiachwe. Atolewe kwenye makundi yote ya Waswahili wa huku leo hii, wanaomjua kwao wawaambie wazee wake, na arudishe kila yeni. Kumwibia mtu kwa lugha ya mama yake, huku ugenini, ni unyama. Akamatwe!

Kwa wanaokuja: gemu senta unaingia bure. Mashine za midoli zinakula sarafu za yeni 100, na ukiwa na noti, mashine ya kuchenji imo humo humo ndani. Mdoli ukikwama mwite mfanyakazi, mara nyingi atakusogezea bila kukudai kitu. Beji ya yule tapeli, nikikumbuka vizuri, haikuwa na jina. Risiti hakunipa. Na kuingia ndani na mimi alikataa, hapo ndipo ningeshtuka.

Jumatatu nakwenda koban, kile kituo kidogo cha polisi, na mfuko wa medali na meseji zake zote. Kama kuna mwingine aliyemlipa, anitafute kabla ya siku hiyo twende pamoja.