Mazda RX-8: Kabla ya Kuuliza Injini, Kagua Eabegi

Karibuni watazamaji. Lililo mbele ya kamera leo ni Mazda RX-8, chesisi ya SE3P (msimbo wa Mazda wa modeli hii), gia sita za mkono. Najua swali mlilokuja nalo: injini yake bado nzima? Tutafika huko. Lakini leo naanzia ndani, kwenye usukani na dashibodi. Injini yake ya rotari, yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, ikifa itakuachia hasara. Eabegi mbovu ikifyatuka inaweza kukuua katika ajali ambayo ungetoka na michubuko tu.

RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na nyingi zimo katika orodha ya magari yaliyoitwa yarudishwe kwa sababu ya eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikizitengeneza. Hapa katikati ya usukani, nyuma ya nembo, kuna mtungi mdogo wa chuma wenye kemikali iliyoshindiliwa. Gari likigonga, kemikali inawashwa, gesi inajaza mfuko kwa takribani milisekunde 30. Takata walitumia nitrati ya amonia, na katika mitungi mingi hawakuweka kitu cha kufyonza unyevu. Kemikali hiyo ikikaa miaka na miaka kwenye hewa yenye unyevunyevu, ikichemka mchana na kupoa usiku, inaharibika taratibu. Siku ya ajali inaungua kwa kasi kupita kiasi, mtungi unapasuka, na vipande vya chuma vinachana kitambaa na kumfikia dereva usoni na shingoni.

Marekani peke yake iliita mitungi ipatayo milioni 67, na zaidi ya watu 20 wamekufa huko. Takata ilikiri makosa mahakamani Februari 2017, na Juni mwaka huohuo ikajitangaza mufilisi.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Muuzaji atakwambia, "Gari limetembea kidogo, halina hata kilomita 60,000." Sawa, lakini kilomita hazihusiani na mtungi huu. Gari lililolala juani miaka kumi na tano limezeesha eabegi zake sawasawa na lililokuwa likitembea kila siku. Kwa RX-8, soma miaka kwanza, kilomita baadaye.

Kwa hiyo chukua namba ya chesisi kabla hujatoa pesa. Kama gari liliuzwa mara ya kwanza nje ya Japani, lina namba ya tarakimu na herufi 17. Kama lilitengenezwa kwa soko la Japani, utaona SE3P, kistari, halafu tarakimu; hiyo haisomeki kwenye mifumo ya Marekani au Ulaya, inatafutwa kwa Mazda ya Japani. Usidanganyike na jibu la "haipo" kutoka kwenye mfumo usio wake. Na ukiambiwa eabegi zilishabadilishwa, uliza lini, na omba karatasi. Katika mwito ule wa Takata, baadhi ya mitungi ya mwanzo iliyofungwa badala ya mibovu ilikuwa ya muda tu, nayo ikatakiwa kubadilishwa tena. Kazi hii Mazda huifanya bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikwepa.

Tazameni dashibodi. Nawasha swichi bila kupiga stati. Mnaiona taa ya eabegi? Imewaka, inakaa sekunde chache, imezima. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikibaki inawaka au inapepesa, mfumo una hitilafu, na huenda eabegi isifunguke kabisa. Ila inayonitia wasiwasi zaidi ni taa isiyowaka hata kidogo. Mtu ametoa balbu, au ameunganisha taa hiyo na nyingine ili zizime pamoja. Hapo jiulize gari limegonga nini na dashibodi imefunika nini. Pitisha mkono juu ya dashibodi upande wa abiria, utafute mshono uliogundishwa au rangi isiyolingana na sehemu nyingine. Kisha vuta mkanda kwa nguvu, ghafla. Unatakiwa ukamate, ukiachiwa urudi wote. Mkanda na eabegi ni mfumo mmoja, mkanda ukivutwa na baruti yake ndogo wakati wa ajali ili ukushike kabla mfuko haujakufikia.

Wapenzi wa magari ya michezo, nawaomba kuhusu usukani. Najua ule mdogo wa mbio unapendeza. Ukiufunga umeondoa eabegi ya dereva, na fundi akiweka rezista, kipande kidogo cha umeme kinachoidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo, ili taa izime, atakayenunua gari baada yako hatajua kwamba mbele yake hakuna kinga. Kwa gari la barabarani, acha usukani wa kiwandani.

Na fundi yeyote anayetaka kufungua usukani huu azime swichi, atoe waya hasi wa betri, asubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo aguse. Soketi za njano zote ni za eabegi. Haziguswi na mita ya kupima umeme, maana mkondo mdogo tu unaweza kuifyatua.

Kiti cha RX-8 kiko chini, na wengi husogea mbele wakaukumbatia usukani. Acha angalau sentimita 25 kati ya kifua na nembo. Mikono iwe pande mbili, kama saa tisa na saa tatu kwenye uso wa saa, isipite juu ya nembo. Mtoto anayekalia kiti cha kutazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. RX-8 ina viti vya nyuma na milango yake midogo inayofunguka kinyume, mtoto akae huko.

Haya, boneti juu. Injini ni Renesis, sentimita za ujazo 1,308, rota mbili, hakuna pistoni. Toleo hili la Japani lilitoka na nguvu za farasi 250, na mshale unapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Ni raha isiyo na mfano, nasema kwa moyo mweupe. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Rotari inachoma oili kwa makusudi, kwa kuwa oili hiyo ndiyo inayolainisha sili za ncha za rota, vipande vinavyozuia gesi isivuje. Chomoa dipstiki kila unapojaza tenki, usisubiri taa. Injini ikiwa baridi, usiisogeze mita chache ukaizima, petroli italowesha plagi na haitawaka tena kirahisi. Ikitokea, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stati, kompyuta itakata petroli na vyumba vitakauka.

Plagi ni nne, na koili zinazozipa umeme wa cheche ni nne. Koili zikichoka, petroli isiyoungua inaenda kuunguzwa kwenye katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, katalisti inaziba, joto linarudi kwenye injini, na sili zinakufa. Injini nyingi za RX-8 zimeuawa hivyo na koili ambazo zingebadilishwa mapema. Kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, ipimwe kwa kifaa cha rotari kinachosoma nyuso tatu za kila rota. Kipimo cha kawaida cha pistoni kinaonyesha namba moja tu na kinaficha uso ulio dhaifu.

Vilivyobaki navyo vinafuata miaka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, badilisha kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi halifai kwa gari la kasi hii.

Uamuzi wangu: RX-8 yenye karatasi ya eabegi na majibu ya kompresheni, ningeinunua hata ikiwa na kilomita nyingi. Yenye kilomita chache, rangi inayong'aa na usukani wa mbio, lakini mwenyewe hataki kukupa namba ya chesisi, mrudishie ufunguo wake.